Nani Atakuya? Mashabiki wa Mazembe na Suala la Mrithi wa Kocha, 2015–2017

Mnamo Desemba 2015, timu ya Tout-Puissant Mazembe ya Lubumbashi ilirejea kutoka Japani mikono mitupu. Katika Kombe la Dunia la Vilabu ilikuwa imefungwa mabao 3 kwa 0 na Sanfrecce Hiroshima, kisha mabao 2 kwa 1 na Club América ya Meksiko. Mwezi mmoja tu kabla ya safari hiyo, tarehe 8 Novemba, timu hiyohiyo ilikuwa imetwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika kwa mara ya tano. Kocha wake, Mfaransa Patrice Carteron, aliyeishika tangu mwaka 2013, akaondoka. Tangu hapo hadi Januari 2016, alipokuja Mfaransa mwingine, Hubert Velud, mashabiki walikuwa na swali moja midomoni, ambalo katika Kiswahili cha Katanga lina maneno mawili tu: nani atakuya?

Makala haya yanakusudia kulitazama swali hilo kama jambo la historia. Wapo wenzetu vyuoni watakaoshangaa. Mazungumzo ya mashabiki wakibashiri mrithi wa kocha huhesabiwa kuwa porojo za baa na za vituo vya basi, yasiyostahili karatasi wala wino. Sisi tunaona kinyume chake. Anayebashiri mrithi hulazimika kusema, hata bila ya kukusudia, nani mwenye haki ya kuchagua, mrithi anapaswa kutoka wapi, na mali inayorithiwa ni ya nani. Hayo ni masuala ambayo mwanahistoria wa mji wetu huyatafuta kwa taabu katika nyaraka za serikali na za kampuni, na mara nyingi hayapati.

Tuanze na lugha yenyewe. Kuya ni kuja ya Kiswahili sanifu. Kila mzaliwa wa Lubumbashi hulitamka hivyo. Msomaji azingatie kwamba shabiki haulizi nani atachaguliwa, wala nani atateuliwa, ingawa anafahamu vema kwamba kocha huchaguliwa na kwamba mkono unaomchagua ni mmoja. Anauliza nani atakuja, kana kwamba kocha hujiendea mwenyewe kama mvua au kama mgeni wa usiku. Kitenzi kinamficha mtendaji. Kwa maoni yetu hili si jambo la bahati nasibu. Katika mji huu wa shaba, kwa vizazi kadhaa, wakubwa wa kazi walikuja: walitoka Ubelgiji zamani za Union Minière, na baada ya kampuni kutaifishwa mwaka 1967 na hatimaye kuwa Gécamines, maamuzi makubwa yalitoka Kinshasa. Mfanyakazi hakuulizwa. Lililobaki mikononi mwake lilikuwa kubashiri, na kujiandaa kulingana na ubashiri wake.

Ndugu zetu wa Tanzania wana njia nyingine ya kusema. Magazeti yao ya michezo huandika kwamba fulani amekabidhiwa mikoba ya timu. Mkoba ni mfuko wa ngozi, ule wa mwindaji, na hasa ule wa mganga ambamo dawa zake huhifadhiwa. Anayerithi mkoba amerithi ujuzi pamoja na siri zake. Usemi huo ulisikika sana kuhusu Mazembe yenyewe, kwa kuwa tangu mwaka 2011 timu ilikuwa na washambuliaji wawili Watanzania, Mbwana Samatta na Thomas Ulimwengu, na wasomaji wa Dar es Salaam walifuatilia habari za Lubumbashi kama za mtaani kwao. Tofauti ya picha hizo mbili ni kubwa. Katika mkoba kuna kitu kinachopita kutoka mkono hadi mkono, na mwenye kupokea anatazamiwa kuwa ameishi karibu na mwenye kutoa. Katika kuya hakuna kinachopokezwa. Yuko mtu tu aliye njiani. Tutaona hapo chini kwamba mashabiki wa Lubumbashi, mnamo mwaka 2017, walipata kocha ambaye kitenzi chao hakikumfaa.

Suala la timu ni ya nani ni la zamani kuliko makocha wa kigeni. Timu ilianzishwa mwaka 1939 na mapadri Wabenedikto wa shule ya Saint-Boniface, Élisabethville, kwa jina la Saint-Georges. Baadaye ikaitwa Saint-Paul. Kisha ikaitwa Englebert, kwa jina la kampuni ya matairi iliyoifadhili. Sifa ya Tout-Puissant, yaani Mwenye Nguvu Zote, iliongezwa baada ya msimu wa fahari wa mwaka 1966, na jina la Mazembe likafuata. Watakatifu wawili, mfadhili mmoja wa matairi, na sifa ambayo mapadri waanzilishi wangesita kumpa yeyote aliye chini ya mbingu: ukiyapanga majina hayo kwa mfuatano, umepata orodha ya waliokuwa na sauti juu ya timu, na ya lini sauti hiyo ilihama.

Lakini katika enzi hiyo ya kwanza yenye utukufu, timu ilipokuwa ya kwanza Afrika kutetea ubingwa wake kwa kuutwaa mwaka 1967 na tena 1968, kisha ikafika fainali za 1969 na 1970 na kushindwa, jina la kocha halikuwa na uzito lilio nao leo. Wazee wanaosimulia miaka hiyo hutaja wachezaji: Kalala, kipa Kazadi, na baadaye kidogo Bwanga Tshimen, aliyetangazwa mchezaji bora wa Afrika mwaka 1973. Hutaja pia ile fainali ya 1967 dhidi ya Asante Kotoko ya Ghana, ambapo baada ya sare mbili wapinzani hawakufika kwenye mchezo wa tatu. Kocha haonekani sana katika masimulizi hayo. Kubashiri mrithi wake, kama tunavyokujua leo, ni desturi changa.

Desturi hiyo ilikua chini ya Moïse Katumbi, aliyeshika urais wa timu mwaka 1997. Timu ilikuwa imekaa tangu 1980, ilipotwaa Kombe la Washindi, bila ya taji lolote la Afrika. Kocha akawa mtu wa kuajiriwa kutoka mbali, mwenye mkataba na mshahara, anayeletwa kwa ndege na kuondoka kwa ndege. Mwaka 2009 ubingwa wa Afrika ulirudi Lubumbashi baada ya miaka 41, chini ya Diego Garzitto. Mwaka uliofuata kombe hilohilo lilitetewa, Espérance ya Tunis ikifungwa mabao 5 kwa 0 Lubumbashi, lakini aliyeketi kwenye benchi sasa alikuwa Msenegali, Lamine N'Diaye. Ndiye aliyeifikisha timu kwenye fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu, Abu Dhabi, Desemba 2010, baada ya kuishinda Internacional ya Brazili mabao 2 kwa 0. Hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imefika hapo kabla yake. Kwa hiyo mashabiki walijifunza jambo ambalo halikusemwa waziwazi: kocha anaweza kubadilishwa baada ya ushindi, na ushindi ukaendelea. Kama ni hivyo, nguvu ya timu ilikuwa wapi? Kwa kocha, au kwa yule anayemleta?

Mwaka 2013 akaja Carteron, aliyetoka kuiongoza timu ya taifa ya Mali hadi nafasi ya tatu katika Kombe la Afrika la mwaka huohuo. Mwaka wake wa kwanza aliifikisha Mazembe kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho akashindwa na CS Sfaxien. Mwaka 2015 akatwaa ubingwa mkubwa kwa kuishinda USM Alger nje na ndani. Hata hivyo, wakati anaondoka, mji ulikuwa na kiti kingine kilicho wazi, nacho kilikuwa kizito zaidi.

Hapa inabidi tuutoke uwanja kidogo. Katumbi alikuwa pia gavana wa Katanga tangu mwaka 2007. Katikati ya mwaka 2015 mkoa wa Katanga uligawanywa kuwa mikoa minne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Mwishoni mwa Septemba, Katumbi akajiuzulu na kuachana na chama cha Rais Joseph Kabila. Na mikoa mipya ikapewa makamishna maalum walioteuliwa na Kinshasa. Kwa hiyo katika miezi ileile ya mwisho wa 2015 watu wa Lubumbashi walikuwa wakijiuliza nani atakuja kushika mkoa, nani atakuja kushika timu, na, kwa sauti ya chini zaidi, nani atakuja baada ya Rais wa Jamhuri, ambaye muhula wake wa pili na wa mwisho kwa mujibu wa Katiba ulikuwa uishe Desemba 2016.

Lugha ya mpira ilikuwa imekwisha kuingizwa katika jambo hilo la tatu, tena na mtu mwenyewe. Desemba 2014, akihutubia umati Lubumbashi baada ya kurudi kutoka ng'ambo, Katumbi alizungumzia penalti. Timu imepewa penalti isiyo halali mara ya kwanza, watu wakanyamaza. Mara ya pili, wakanyamaza. Je, ya tatu wataikubali? Kila aliyekuwepo alielewa. Chaguzi zilikuwa mbili, za 2006 na 2011, na penalti ya tatu ilikuwa ni muhula wa tatu. Mwanaisimu hapati kila siku mfano ulio wazi kiasi hiki wa istilahi ya uwanja kubebeshwa mzigo wa Katiba. Wala mfano haukuhitaji tafsiri, kwa kuwa wasikilizaji wale walikuwa wamezoea miaka mingi kumjadili mwamuzi, kocha na rais wa timu kwa maneno yaleyale wanayotumia kumjadili mkubwa yeyote.

Kutokana na hayo, baadhi ya wachambuzi hupenda kusema kwamba mazungumzo ya kocha yalikuwa ni kinyago tu, na nyuma yake siasa. Hatukubaliani nao, angalau si kwa ukamilifu huo. Ni kweli kwamba swali la mrithi wa Rais lilikuwa la hatari, na la kocha halikumpeleka mtu gerezani. Na ni kweli kwamba mazoezi ya akili ni yaleyale. Lakini anayesikiliza kila neno la shabiki kama fumbo la kisiasa anamnyima shabiki heshima anayostahili, maana anamwambia kwamba jambo analolipenda si jambo. Sehemu kubwa ya mazungumzo ya mwisho wa 2015 ilihusu mpira hasa: timu itachezaje bila ya Samatta, ambaye baada ya kutangazwa Januari 2016 kuwa mchezaji bora wa Afrika miongoni mwa wanaocheza barani alikwenda Genk, Ubelgiji, ulinzi utakuwaje, kocha mpya atawapa nafasi vijana au ataleta wake. Ukiondoa mambo hayo ukabakiza fumbo tu, hutaelewa kwa nini watu walikesha wakibishana.

Tunachosema sisi ni kwamba mazungumzo haya mawili yalitumia akili moja na kanuni zilezile za hoja. Shabiki wa Kamalondo, mtaa wenye uwanja wa timu, habashiri ovyo. Kwanza huutazama mfuatano: aliyetangulia alitoka wapi, na aliyemtangulia huyo? Kutoka kwa Mfaransa, yaelekea atakuja Mfaransa, kwa kuwa rais wa timu anajua njia za kuwapata, na kwa kuwa lugha ya mazoezini ni Kifaransa. Velud alipotangazwa, hoja hiyo ilithibitika. Halafu huitazama hali ya mwenye kuchagua: ana fedha, ana nafasi, ana maadui? Na mwisho, hoja iliyo ya zamani kuliko mpira wenyewe, huuliza kama hakuna mtoto wa nyumba. Hoja hii ya tatu kwa miaka mingi ilikuwa ya kutamani zaidi kuliko ya kutazamia. Ilisemwa, ikasikilizwa kwa adabu, kisha wazungumzaji wakarudi kwa Wafaransa.

Mwaka 2016 hali ya mwenye kuchagua ndiyo iliyobadilika. Mwezi Mei Katumbi aliondoka nchini, na hakurudi hadi Mei 2019. Muda huo wote alibaki rais wa timu akiwa ughaibuni. Msimamo wa Velud uwanjani haukuwa mbaya hata kidogo. Februari alikuwa ametwaa Kombe la Supa la Afrika dhidi ya Étoile du Sahel. Na baada ya kutolewa na Wydad Casablanca katika Ligi ya Mabingwa, aliiongoza timu katika Kombe la Shirikisho, ambapo kundini walikutana na Yanga ya Dar es Salaam, hadi kulitwaa tarehe 6 Novemba kwa kuifunga MO Béjaïa ya Algeria mabao 4 kwa 1. Vikombe viwili katika mwaka mmoja. Naye akaondoka.

Mwanzoni mwa 2017 akaja Mfaransa wa tatu mfululizo, Thierry Froger. Mfuatano ulikuwa bado unatawala. Mwezi Machi, CAPS United ya Zimbabwe ilitoka sare ya 1 kwa 1 Lubumbashi, ikatoka sare ya 0 kwa 0 Harare, na kwa kanuni ya bao la ugenini bingwa wa miaka miwili nyuma akatolewa mapema. Froger naye akaenda zake. Sasa mwenye kuchagua yuko mbali, msimu uko katikati, na hakuna ndege inayotazamiwa. Timu ikapewa Pamphile Mihayo Kazembe.

Huyu hakuja. Alikuwepo. Alikuwa ameichezea Mazembe miaka mingi, na ndiye aliyevaa kitambaa cha unahodha Abu Dhabi mwaka 2010. Hapa ndipo kitenzi kuya kinapokwama, na hapa picha ya mkoba ya ndugu zetu wa Tanzania inafaa kuliko yetu, kwa maana amepokea kutoka mkononi mwa aliyeishi naye. Tarehe 25 Novemba 2017, Pretoria, Mazembe ya Mihayo ililinda ushindi wake wa mabao 2 kwa 1 wa Lubumbashi kwa kutoka sare ya 0 kwa 0 na SuperSport United, ikalitetea Kombe la Shirikisho. Mtoto wa nyumba alikuwa amefanya walilolifanya Wafaransa, katika mwaka ambao mwenye nyumba hayupo.

Je, tuseme kwamba kutokuwepo kwa mwenye kuchagua ndiko kulikomfungulia mlango mtoto wa nyumba? Hoja hiyo inavutia, na wengi waliitoa, kila mmoja kwa shabaha yake. Waliompenda Katumbi waliona kwamba nyumba iliyojengwa vizuri husimama hata mwenyewe akiwa safarini. Wasiompenda waliona kwamba kumbe wenyeji waliweza siku zote, ila hawakupewa. Ushahidi ni uleule, na hitimisho ni mbili zisizopatana. Kwa mwanahistoria, mgongano huo una thamani kuliko jibu lolote, kwa sababu unaonyesha mstari ambao mji uligawanyika juu yake, katika kipindi ambacho watu wachache walithubutu kuuchora kwenye karatasi. Binafsi twaelekea upande wa pili kidogo, lakini kwa sababu ya mpira na si ya siasa: nahodha aliyecheza katika fainali kubwa kuliko zote za timu yake alikuwa na haki ya kupewa nafasi bila ya kungoja maafa ya Machi.

Mihayo aliishika timu misimu kadhaa. Mwaka 2019 aliitoa Simba ya Dar es Salaam katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, 0 kwa 0 ugenini na 4 kwa 1 nyumbani; na Simba hiyo ndiyo iliyowahi, mwaka 2011, kuishtaki Mazembe kwa kumchezesha Janvier Bokungu, mashtaka yaliyoifanya Mazembe ifutwe katika mashindano ya mwaka huo ilhali ni bingwa mtetezi. Kisasi hicho cha miaka 8 kilizungumzwa sana, lakini kina makala yake. Kwa mada yetu linalofaa kukumbukwa ni kwamba mwaka 2023 aliyerudi kuishika timu alikuwa Lamine N'Diaye, yuleyule wa Abu Dhabi. Kamusi ya mashabiki ina mgeni na ina mtoto wa nyumba. N'Diaye ni yupi kati ya hao? Ni mgeni aliyekwisha kulala ndani. Mwaka 2024 aliifikisha timu kwenye nusu fainali ya Afrika, ilikotolewa na Al Ahly, na kuhusu yeye watu walisema amerudia, jambo lisilosemwa juu ya mgeni.

Wanafunzi wa idara wanaotafuta mada ya kazi ya mwisho wa masomo wataona hapa shamba ambalo halijalimwa. Kinachotakiwa si fedha nyingi. Kinatakiwa kinasa sauti, subira, na kuandika maneno kama yalivyosemwa, kwa Kiswahili cha Lubumbashi, bila ya kuyasahihisha yafanane na sanifu. Maana ukiandika atakuja mahali ambapo mtu alisema atakuya, na atarejea mahali aliposema atarudia, umekwisha kuitupa nusu ya ushahidi. Kila mazungumzo yaandikiwe tarehe yake kamili, kwa kuwa ubashiri wa Desemba na ubashiri wa Januari si kitu kimoja, na yaandikwe kabla kocha mpya hajatangazwa: akishatangazwa, kila mtu atasema alijua. Waanze na waliouona mchezo wa 1967 wakiwa watoto. Hao sasa wana miaka sabini na zaidi, nao wanaweza bado kutueleza timu ilikuwa ya nani wakati ambapo hakuna aliyeuliza kocha atatoka wapi.